Whitney Plantation, Louisiana: nilikwenda kumtafuta Mmakua

Nianze na harusi. Miaka mitatu iliyopita mfanyakazi mwenzangu hapa Houston alitualika harusi ya mpwa wake huko Louisiana, kwenye jumba la kale kando ya Mto Mississippi. Nyumba nyeupe, nguzo nene, mialoni imeinamiana juu ya njia kama dari. Kabla ya sherehe tukazungushwa na binti aliyevaa gauni la enzi zile, limetuna kama mwavuli. Kwa dakika arobaini akatueleza sahani za kaure, mapazia, kitanda cha mkangazi, na jinsi bibi mwenye nyumba alivyopenda mawaridi. Neno "mtumwa" nililisikia mara moja tu, tena likapita mbio. Nikala jambalaya (ndugu yake pilau, asikudanganye mtu), nikacheza, nikarudi kwangu. Usiku sikulala vizuri. Zile sahani, nani alikuwa akiziosha?

Kwa hiyo nilipoambiwa kuna shamba jingine kandokando ya mto huohuo, Whitney, ambalo limeamua kuwazungumzia walioosha sahani, sikuamini haraka. Nimeshaona makumbusho mengi ya kuombea radhi. Lakini mwezi Oktoba nilipata siku tatu za mapumziko mfululizo, jambo ambalo kwa muuguzi wa wodi ya wazazi ni kama kuokota dhahabu. Nikamchukua binti yangu wa miaka 13 na shoga yangu Mkongo wa Bukavu, tukaingia barabara ya I-10 kabla hapajakucha.

Ukitoka Houston huna haja ya kufika New Orleans. Unachepuka Gramercy, unavuka daraja refu la Veterans Memorial, na ng'ambo ya pili ndiyo Wallace. Mto wenyewe hutauona ukishashuka, maana umefichwa na tuta la udongo la kuzuia mafuriko. Utakachokiona ni miwa. Miwa kushoto, miwa kulia, na nyuma ya miwa mabomba ya viwanda vya kemikali yakitoa moshi. Msimu wa kuvuna ulikuwa umeanza, kulikuwa na harufu ya majani ya miwa yaliyochomwa. Aliyewahi kupita Kilombero wakati wa mavuno ataijua harufu hiyo akiwa amefumba macho. Mimi ni mtu wa Masasi, mtu wa korosho. Miwa naijua ya kutafuna tu.

Tiketi yangu ya kutembea mwenyewe huku simu ikinisimulia sikioni ilikuwa dola 25. Ya mtoto ni nafuu. Zipo pia za kutembezwa na mtu, zinazidi kidogo bei. Jumanne hawafungui. Chaji simu yako hadi ijae. Ya kwangu ilizimika katikati ya shamba kwa uzembe wangu mwenyewe, nikabaki nasikiliza kwa sikio moja kwenye kidude cha binti yangu kama wanafunzi wawili wa kidato cha kwanza. Kiswahili hakuna. Chukua kofia na maji, kwa sababu karibu kila kitu kiko juani, na jua la Louisiana la Oktoba bado lina hasira.

Mlangoni tukapewa kadi za kuvaa shingoni. Kila kadi ina picha ya sanamu ya mtoto na maneno machache aliyoyasema. Hapa inabidi nieleze, kwa kuwa mwanzoni nilichanganyikiwa. Miaka ya 1930 serikali ya Marekani iliwatuma waandishi kwenda kuwahoji wazee waliokuwa wamezaliwa utumwani. Walipohojiwa walikuwa vikongwe, ila uhuru ulipofika mwaka 1865 walikuwa watoto. Basi msanii Woodrow Nash akawafinyanga wakiwa na umri ule wa utoto, akawatawanya ndani ya kanisa la mbao ambalo ndilo mlango wa kuingilia shamba. Wengine wamekaa kwenye mabenchi, wengine wamesimama ukutani. Macho yao ni matupu. Unaingia, unawakuta wanakusubiri.

Nitasema kweli: kwa dakika tano za kwanza sikuwapenda. Niliona kama wamewekwa pale ili nilie, na mimi silii kwa kuamriwa. Shoga yangu yeye alikaa benchi moja na msichana wa udongo, akamwekea mkono begani, akanyamaza. Nikamwacha. Nilipomwona mwanangu anatafuta, sanamu kwa sanamu, yule wa kwenye kadi yake, akampata na kusimama naye bega kwa bega akigundua wamelingana urefu, maoni yangu yakabadilika. Sanamu hizi hazikutengenezewa mtu wa umri wangu.

Kanisa lenyewe lina kisa. Lilijengwa na watu walioachwa huru, ng'ambo ya mto huko Paulina, likahamishiwa hapa. Leo linaitwa Antioch, lakini jina lake la kwanza lilikuwa Anti-Yoke, yaani kanisa la kupinga nira. Sisi wa kwetu tungesema kupinga kongwa, ule mti wenye panda waliofungwa nao shingoni babu zetu wakiteremshwa kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa. Nililirudia hilo neno mara mbili tatu nikiwa nimesimama mlangoni. Watu wametoka utumwani jana, wanajenga kanisa, na wanaamua kuliita hivyo!

Historia ya shamba nitaipitisha haraka, mengine utayasikia sikioni. Lilianzishwa mwaka 1752 na Ambroise Heidel, mhamiaji Mjerumani. Kwanza walilima nili ya kutia rangi nguo, baadaye wakahamia kwenye miwa. Jina Whitney lilikuja baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, mwenye mali mpya alipolipa shamba jina la mjukuu wake. Miaka ya 1990 kampuni ya Formosa ilitaka kujenga kiwanda hapa, ikashindikana, na mwaka 1999 wakili Mzungu wa New Orleans, John Cummings, akalinunua. Alitumia miaka kumi na mitano na zaidi ya dola milioni 8 za mfukoni mwake kabla ya kufungua milango Desemba 2014. Utafiti uliongozwa na Msenegali, Dk. Ibrahima Seck. Hili la mwisho lilinifurahisha kuliko la mamilioni. Mwafrika ndiye aliyefukua makaratasi, na mahali unapahisi hivyo: habari inaanzia Afrika, haianzii kwenye kochi la mwenye nyumba. Baadaye Cummings alilitoa shamba, sasa linaendeshwa na shirika lisilo la faida.

Kuna makarai makubwa ya chuma yamepangwa nje, mtu mzima angeweza kulala ndani yake. Binti yangu alidhani ni ya kuogea ng'ombe. Ni ya kuchemshia maji ya miwa. Walikuwa wanayapanga kwa safu juu ya moto, kutoka kubwa kwenda dogo, na watu wanateka maji yanayochemka kwa kata ndefu wakiyahamisha karai hadi karai mpaka yagande kuwa sukari. Msimu wa kukamua moto hauzimwi, kazi ni usiku na mchana, kwa kuwa muwa ukishakatwa hausubiri. Mwaka 1844 shamba hili peke yake lilitoa ratili 407,000 za sukari, sawa na tani 184 na ushei. Nilijaribu kuzihesabu kwa magunia nikaacha.

Simulizi ya sikioni haisemi "watumwa", inasema "watu waliofanywa watumwa". Wamarekani wanabishana sana juu ya hili. Mimi nikawa nacheka peke yangu, kwa sababu Kiswahili kilishamaliza ugomvi huo zamani. Mtumwa ni mtu anayetumwa. Ukilitamka tu neno, aliyemtuma yupo, amejificha mle ndani.

Vibanda ni vya mbao, vyumba viwili na meko katikati, familia moja kila upande. Vilikuwa 22 na vingi vilibomolewa miaka ya 1970. Baadhi ya unavyoviona vimeletwa kutoka shamba jingine. Watu waliendelea kuishi kwenye vibanda vile miaka mingi baada ya uhuru, wakikata miwa ileile kwa ujira wa kuwafunga kwenye deni. Mbele yake kuna jela ya chuma kama kontena, ilitengenezwa 1868. Soma tarehe vizuri: miaka mitatu baada ya uhuru. Kimbunga Ida cha tarehe 29 Agosti 2021 kiliangusha baadhi ya majengo, kwa hiyo usishangae ukiona nafasi tupu.

Jumba la mwenye mali ndilo la mwisho kulifikia, na unaliendea kwa nyuma, ukitokea upande wa vibanda. Nilipenda sana hilo. Lina veranda pana na michoro ya rangi, limeinuliwa juu ya nguzo za matofali. "Mama, mbona dogo?" binti yangu akauliza. Tulikaa humo dakika sita.

Sehemu iliyonishika ni uwanja wa watoto. Wanauita Field of Angels, yaani Uwanja wa Malaika. Ni ua wa duara, katikati kuna sanamu ya shaba: malaika mwanamke, Mweusi, kifua wazi, amepiga goti ameshika kichanga anampeleka mbinguni. Pembeni ni mawe yenye majina ya watoto 2,200 waliofia utumwani katika wilaya hii moja, St. John the Baptist, kati ya 1823 na 1863. Wote hawakufikisha miaka mitatu. Majina yametolewa kwenye daftari za Kanisa Katoliki, la ubatizo na la maziko.

Mimi kazi yangu ni watoto wa saa moja, wa siku mbili. Nimewapima, nimewafunga nepi, nimewapigia simu madaktari saa tisa usiku. Wapo pia walioniponyoka, na kila mmoja namkumbuka kwa uzito wake. Nilisimama pale nikafanya hesabu ambayo sikutaka kuifanya: 2,200 kwa miaka arobaini, ni zaidi ya mtoto mmoja kila wiki. Wilaya moja! Mama anazika Jumapili, Jumatatu yuko kwenye miwa. Mtu alikuwa ameacha kigari kidogo cha kuchezea chini ya jiwe, magurudumu yameshika kutu. Hapo ndipo nililia, na hakuna aliyeniamuru. Shoga yangu alinipa kitenge chake nijipanguse, akasema, "Lia tu, mama. Na wao wako wanakusikia."

Kando kidogo kuna kumbukumbu ya maasi ya 1811, nayo si ya kila mtu. Usiku wa tarehe 8 Januari mwaka ule, watu wa mashamba ya ng'ambo ya pili ya mto, wakiongozwa na Charles Deslondes, waliinuka na mapanga na majembe wakaandamana kuelekea New Orleans. Walikuwa mamia. Baada ya siku mbili wakazingirwa, na vichwa vya waliouawa vikachomekwa kwenye nguzo kandokando ya mto ili wengine waone. Nash amevifinyanga vichwa hivyo, vimesimama kwenye vyuma, kila kimoja na uso wake. Nilimuuliza binti yangu kama anataka kuingia. Akafikiri, akasema ndiyo, akaingia, akatoka, hakusema neno mpaka garini. Kama una mtoto wa chini ya miaka kumi, mpitishe njia nyingine.

Sasa nije kwenye kilichonileta.

Mimi nimezaliwa Masasi. Bibi mzaa mama ni Mmakua. Masasi ya leo ina mizizi ya mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipotoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akapita Lindi akitaka kufika mbali zaidi bara, mwishowe wakaishia kwetu wakajenga. Wengine walikuwa Wayao, wengine Wamakua, wengine Wanyasa. Steere huyohuyo ndiye aliyejenga kanisa la Mkunazini pale Unguja, mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873. Nimefika Mkunazini. Nimeteremka kwenye vile vyumba vya chini, nimewaona wale watu watano wa mawe shimoni na minyororo ya kweli shingoni. Wananiuma hadi leo. Lakini wale watano hawana majina. Bibi alipokuwa akisimulia alisema "waliokwenda pwani hawakurudi", basi. Waliokwenda. Ukimuuliza nani, anataja ukoo, halafu anaendelea kupepeta.

Whitney wana kuta za majina. Ukuta wa kwanza ni wa waliotumikishwa shambani hapa. Halafu kuna vijia vya kuta nyingine, 18 kwa idadi, mawe meusi 216, majina 107,000 ya waliotiwa utumwani Louisiana nzima. Vimepewa jina la Gwendolyn Midlo Hall, mwanahistoria aliyeanza mwaka 1984 kufungua makabrasha ya mahakama ya Pointe Coupee, wilaya mojawapo ya Louisiana, akakuta kwamba makarani wa Kifaransa na Kihispania walikuwa wakiandika kila mtu: jina, umri, bei, kazi, na mara nyingi taifa lake. Alitumia miaka kumi na mitano kuyaingiza kwenye kompyuta. Alifariki 2022. Kwa wale makarani ilikuwa orodha ya mali, kama unavyoandika mbuzi na majembe. Leo ndiyo kitabu cha ukoo cha watu ambao hawakuachiwa kitabu.

Majina mengi ni ya kubandikwa: Jean, Marie, Pierre, Louis. Jina la kwanza tu. Katikati yake unakutana na Samba, unashtuka kana kwamba mtu amekuita sokoni. Na taifa ndilo la thamani, kwani jina alipewa na bwana, bali taifa alilitaja yeye kwa kinywa chake, karani akaliandika kadiri sikio lake lilivyosikia.

Shoga yangu hakuhangaika. "Congo" imejaa. Alikuwa akitembea anasoma kwa sauti, Congo, Congo, Congo, mpaka watu wakageuka kumtazama. "Hii si Congo yetu ya Bukavu," akaniambia, "ni ile ya chini, ya Matadi. Lakini angalia, batu bote bako hapa." Mimi nikaanza kumtafuta Mmakua. Saa nzima, kidole kwenye jiwe la moto, huku mwanangu akitafuta upande wa pili kwa bidii ya mtu aliyeahidiwa zawadi. Hatukumpata. Usiende ukidhani utaingia, umsome wako, uondoke. Majina laki moja ni mengi kuliko unavyofikiri ukiyasikia, na jua halingoji.

Usiku hotelini nilifungua kanzidata ya Hall kwenye intaneti, ni bure. Nikatafuta kwa taifa, siyo kwa jina. Pale, pamoja na Wawolofu, Wamandinka na Waigbo, yapo mataifa ya kwetu: Makwa. Kwa w. Watu wa upande wa Msumbiji, waliozungushwa rasi ya kusini ya Afrika na kuvushwa Atlantiki hadi kwenye tope la Mississippi, njia ambayo shuleni hatukufundishwa kabisa. Tulifundishwa Kilwa, Bagamoyo, Unguja, Uarabuni, nukta. Nilimwamsha mwanangu. "Mama, ni saa sita," akasema, kisha akaketi akasoma.

Kwa hiyo nyota? Tano, na sitoi tano ovyo. Ningependa waweke pale shambani skrini ya kutafutia majina, watu wa nchi yoyote waje watafute watu wao bila kuunguza vidole. Ningependa pia kivuli. Duka la vitabu ni zuri. Nilinunua kitabu cha Seck na sikununua sukari, ingawa wanaouza sukari na asali ya miwa barabarani hawana kosa, nao wanatafuta riziki. Tenga saa tatu, siyo moja na nusu. Na kama una mwaliko wa harusi kwenye lile jumba jingine, nenda Whitney kwanza.

Asubuhi nilimpigia mama yangu Masasi kwa video. Nikamweleza kuta, nikamweleza Makwa kwa w. Alisikiliza huku akichambua mchele.

"Wameandika ukoo?"

"Hapana mama. Taifa tu."

Akapepeta mara mbili, akapuliza.

"Basi hao waliowaandika hawakuwauliza vizuri," akasema. "Mmeshakunywa chai?"